Mashine zisizo na dereva migodini: kijana wa Lubumbashi ajifunze nini?

Kijana wa Katuba: Jambo wakubwa. Kule kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, mashine za kubeba mawe chini ya ardhi zinaongozwa na mtu aliyeketi juu mbele ya kompyuta, naye anasimamia kadhaa peke yake. Kulipia masomo ya udereva wa magari makubwa si kutupa makuta?

Fundi wa Ruashi: Leseni chukua, ila usiishie hapo. Usukani unapungua, kutafuta hitilafu ya umeme hakupungui. Anza na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Zima mashine, tenga betri, pima omu (ukinzani) kati ya nyaya mbili ambazo kompyuta za mashine huongea kupitia kwazo: kwenye plagi ya uchunguzi ya pini 9 (ile ya mviringo) ya mfumo wa J1939, ni pini C na D, ila si mashine zote, angalia mchoro wa yako kwanza. Ikisoma 60 hivi, ni kawaida: kuna vizuizi (rezista) viwili vya omu 120, sambamba. Ikisoma 120, kimoja kimepotea au waya umekatika. Karibu na 0, nyaya zimegusana. Mara nyingi ni vumbi na maji ya kuoshea yaliyoingia kwenye plagi, lakini watu wanakimbilia kuagiza kompyuta mpya ya mashine!

Mama wa Kamalondo: Angalia na soko la kobalti, madini ya betri yanayochimbwa kwetu, mdogo wangu. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, Oktoba ikaleta mgawo wa kiasi cha kuuza. Tena betri za fosfati ya chuma hazina kobalti kabisa. Kwa hiyo usitegemee mgodi peke yake: ufundi huo wa umeme unafaa hata kwa malori ya mpakani Kasumbalesa.

Kijana wa Katuba: Aksanti yaya. Multimita ya bei rahisi inatosha?

Fundi wa Ruashi: Kwa omu, ndiyo. Gusanisha ncha zake kwanza. Namba itakayotokea, iondoe kwenye kipimo.