Mrejesho: ule mmea wa milima ya Boise umejulikana

Wakuu, niliuliza kuhusu mmea wa maua rangi ya maziwa niliouona kwenye miteremko juu ya Boise, Idaho, Marekani, katikati ya vichaka vya pakanga: ni aina gani ya Eriogonum (jamii ya mimea ya porini ya Amerika Kaskazini)? Aliyeniambia "tazama katikati ya shina", Mungu ambariki. Kweli, katikati ya shina lililobeba maua kuna majani membamba yaliyolizunguka pande zote. Hiyo ndiyo alama ya Eriogonum heracleoides. Aina nyingine, Eriogonum umbellatum, ambayo mara nyingi huwa na maua ya njano, kwa kawaida haina majani hayo ya katikati ya shina. Majani ya chini nayo yana manyoya meupe mgongoni. Nimekausha tawi moja kati ya magazeti, likiwa na majani yake ya chini, maana ua peke yake halitoshi kutambulisha jamii hii.