Trekta dogo la bustani linakwama kwenye udongo laini: nipunguze upepo au niongeze uzito?

Bustani Chini
Habari wakuu. Nina katrekta ka bustani, ka kukatia nyasi na kuvuta tela dogo. Pakavu hakana shida. Tatizo ni upande wa bondeni ambako maji hutuama. Nikipita na tela la samadi, tairi moja la nyuma linazunguka bure, lingine limetulia tu, na punde shimo limeshachimbika. Matairi ni yale ya nyasi, meno mafupi. Ubavuni yameandikwa 22 psi (kipimo cha presha ya upepo) na ndivyo yalivyojazwa. Jirani mmoja anasema nitoe upepo, mwingine anasema nitie maji ndani ya matairi yawe mazito. Nimsikilize nani? Na kama ni kutoa upepo, nifike ngapi?

Mzee wa Spana
Mkuu, hiyo 22 ya ubavuni ni kikomo cha tairi, sio kiwango cha kufanyia kazi. Namba yako imo kwenye kitabu cha mashine. Matairi ya nyuma ya trekta za bustani mara nyingi huwa kati ya 10 na 14.

Upepo ukipungua tairi linalala kidogo, sehemu inayogusa ardhi inakuwa ndefu, na meno mengi yanashika kwa wakati mmoja. Jua pia kwamba tairi huukandamiza udongo kwa nguvu inayokaribiana na presha iliyo ndani yake, ukiongeza na ugumu wa kuta zake. Kwa hiyo la 22 linabonyeza karibu mara mbili ya la 11, kwa trekta lile lile. Ndiyo maana unazama.

Pima likiwa la baridi, kabla ya kazi, kushoto na kulia sawa. Na utafute geji ya presha ndogo. Zile za kupimia malori, kwenye presha ndogo kama hii zinabahatisha tu.

Mama Miche
Naongezea tahadhari, maana mtu akisikia "punguza" anashusha mpaka tairi linakuwa chapati. Upepo ukiwa mdogo kupita kiasi, ukingo wa tairi unachomoka kwenye rimu, hasa ukikata kona na mzigo. Kama kuna tyubu ndani, rimu inazunguka tairi likiwa limeganda, na valvu inakatika shingoni. Na kwenye mteremko, ukipita kiubavu, tairi legevu linajikunja na trekta linayumba. Kama bonde lako lina mwinamo, usishuke chini ya namba ya kitabuni hata kidogo.

Tope Halina Mwenyewe
Mimi niko upande wa jirani wa pili. Jaza maji robo tatu ya tairi. Kila lita ni kilo moja, na uzito unakaa chini, hauinui trekta. Palipo na baridi ya kugandisha, maji matupu hayafai, lazima yawe na dawa ya kuzuia kuganda.

Mzee wa Spana
Hapo kwenye maji watu hugombana kila siku 😀. Uzito unasaidia pale ambapo ardhi ni ngumu chini na inateleza juu. Kwenye udongo uliolowa mpaka ndani, uzito unakuzamisha zaidi. Tena presha ya tairi huumiza zaidi udongo wa juu, lakini mzigo wa ekseli ndio unaoshindilia kule chini kabisa, ambako jembe halifiki. Yeye hajasema anakosa uzito, amesema tairi moja linazunguka na lingine limetulia. Hiyo ni difu, yaani giya zinazogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma. Nguvu inakimbilia upande usioshika.

Bustani Chini
Kweli mzee, na langu halina kufuli ya difu, ile ya kuyalazimisha matairi yote mawili yazunguke pamoja.

Mama Miche
Basi ingia na giya ndogo, mwendo ule ule, usikanyage mafuta ghafla, usikate kona katikati ya tope. Tairi likianza kuchimba, acha hapo hapo, rudi nyuma kwenye alama zako.

Halafu hakuna aliyeuliza kuhusu tela! Vitairi vyake vyembamba vinachora mifereji, na trekta linatumia nguvu yote kulikokota. Weka mapana, punguza mzigo, na upange samadi isogee kidogo mbele ya ekseli ya tela ili uzito fulani uegemee matairi yako ya nyuma. Kidogo tu, usukani usije ukawa mwepesi.

Kabla ya kwenda, chukua udongo uusokote viganjani. Ukitoka uzi mwembamba wa milimita 3 usiokatika, bado umelowa sana. Subiri.

Tope Halina Mwenyewe
Sawa, nakubali kuhusu tela. Ila matairi ya nyasi tope likijaa katikati ya meno yanakuwa kipara. Akipata ya kilimo, yenye meno marefu ya V, atashika. Yafungwe ncha ya V itangulie kugusa ardhi, tope litoke pembeni. Ubaya wake yakizunguka bure yanachimbua nyasi zote.

Mzee wa Spana
Na ukikwama, tafadhali usifunge gogo wala ubao kwenye tairi la nyuma. Likigoma kuzunguka, ekseli inainua pua ya trekta na unapinduka nalo kinyumenyume. Na mnyororo wa kuvutia tela au gogo ufungwe chini, kwenye ndoano yake. Ukifungwa juu ya ekseli, hatari ni ile ile.

Bustani Chini
Nawashukuru sana. Naanza na 12 nyuma, kitabu kinaruhusu, na tela napakia nusu. Maji nayaacha kwanza. Ila nikija kuyajaza, presha napimaje bila geji kulowa?

Tope Halina Mwenyewe
Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, maji yatakaa chini yake. Ukipima ikiwa chini, utaoga.