Aneksi, ghorofa, kukata parseli au kununua kwingine: tuchague nini Lubumbashi?

Nkulu wa Kampemba
Ndugu zangu, naomba mawazo. Parseli (kiwanja) ya papa iko Kampemba, komini ya hapa Lubumbashi, mita 20 kwa 25. Nyumba iko mbele, nyuma ni uwanja mtupu. Papa alishafariki, mama anaishi pale, nasi watoto tuko wanne. Ninataka kuhamia na mke na watoto tuwe karibu na mama. Naona njia tatu: kujenga aneksi, nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, kule nyuma, kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya papa, au kukata parseli kila mtu apate kipande chake. Mke wangu anasema afadhali tununue parseli yetu wenyewe kule Luwowoshi. Sheria inaruhusu nini, na ninyi mngechagua ipi?

Fundi Kazadi
Ghorofa acha. Nyumba nyingi za umri huo ni matofali ya udongo wa kichuguu, msingi wake ulichimbwa kwa kubeba mabati, hakuna nguzo za beto (zege). Ukitaka kuweka dali (sakafu ya beto) juu yake itabidi ujenge upya kuanzia chini, na hapo bei imeshapita ya aneksi.

Aneksi ni nzuri, ila uliza kwanza habari ya maji. Mko na kisima? Viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, vinataka choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini kama kisima. Parseli yako, hata ukiipima kutoka kona hadi kona, ni kama mita 32, na choo cha jirani nacho kinahesabiwa! Kwa hiyo usichimbe shimo la pili. Panueni fosi septiki (tangi la maji machafu) iliyopo, aneksi iungwe humo, na maji ya kunywa yatoke kwenye bomba la Regideso, kampuni ya maji ya Serikali, kama linafika kwenu. Msingi uchimbwe kiangazi, mbele ya mvua za Novemba.

Mama Ngalula
Hata aneksi ndogo inaomba ruhusa ya kujenga. Unapeleka kwenye ofisi ya urbanizimu (mipango ya miji) plani na kopi ya hati ya parseli. Lipa benki, uchukue risiti, usimpe mtu pesa mkononi. Na paa liinamie kwenu: maji yake hayaruhusiwi kumwangukia jirani.

Maître K.
Ndugu Nkulu, nasema kama wakili: wote wamekujibu juu ya matofali, lakini swali lako kubwa ni jina lililo kwenye cheti cha usajili wa ardhi. Ardhi ni ya Serikali, sisi tuna haki ya kuitumia tu. Sheria ya 20 Julai 1973, kifungu cha 219, inasema haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili peke yake. Na nyumba inayohesabiwa mbali na ardhi iliyoibeba, nayo haina mwenyewe kisheria mpaka iandikwe kwenye cheti hicho hicho. Maana yake, ukijenga aneksi kwa pesa yako wakati cheti bado ni cha marehemu, unajenga ndani ya urithi. Risiti za simenti hazitakupa umiliki. Katika urithi, robo tatu inakwenda kwa watoto kwa mafungu sawa, wasichana kama wavulana. Nimeona familia zikivunjika kwa jambo hili, na kila mara aliyejenga alikuwa na nia njema.

Mimi ningechagua aneksi, lakini kwa mpangilio huu: baraza la familia na maandishi yaliyosainiwa na wote wanne, kisha urithi uhamishiwe kwenye cheti kipya kwa konservateri (afisa wa hati za ardhi), kisha ruhusa, halafu tofali la kwanza. Kama mnachoshika ni fishi ya parseli au livre ya zamani tu, yaani karatasi ambazo si cheti, anzeni hapo.

Papa Mutombo, Kamalondo
Kukata parseli yenu kwa watu wanne ni mita za mraba 125 kila mmoja, na bado hamjatoa njia ya wale wa nyuma kupita. Haifai.

Nkulu wa Kampemba
Asanteni sana. Maître, na mama? Dada yangu anasema tukigawana, mama atabaki bila kitu. Na kama baadaye tukipangisha aneksi?

Maître K.
Hapana, mjane ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyokaa na mumewe, hakuna mtoto wa kumtoa. Liandikeni hilo wazi kwenye maandishi ya familia, dada yako atulie. Mkipangisha, garanti (amana ya mpangaji) kwa nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu, sheria ya 2015. Mapato ya kupangisha nayo yana kodi ya Serikali; ulizeni kiwango cha sasa kwenye ofisi ya kodi.

Mama Ngalula
Na mke wako msikilize. Luwowoshi kuna mbali, lakini cheti kitakuwa na jina lenu tangu siku ya kwanza. Ndugu zako wakikataa kusaini, nendeni huko, na mama mtamtembelea kila Jumapili.