Sinki la mbao la kukereza: tundu la maji nizibe vipi?

Randa_Kavu
Wakuu, habari za kazi. Kuna oda ya sinki la mbao la kunawia mikono, lile la kukaa juu ya meza. Kipenyo cha nje milimita 400, kimo 130. Linakwenda bafu la ndani, Tanga mjini, meza ni ya granaiti, na maji ya moto yapo. Mbao ni mtiki wa inchi 2 kwa 6, kipimo cha unyevu kinasoma asilimia 13. Mashine ya kukereza inapitisha kipenyo cha milimita 460 juu ya reli, mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko 250 kwa dakika.

Nibandike matabaka au nikate vipande vya pete? Gundi ipi? Ndani nipake epoksi au mafuta? Na kubwa zaidi ni tundu la maji machafu. Nikishatoboa, pale kwenye tundu mbao imebaki wazi chini ya wesiti (kile kifaa cha kutolea maji kinachopita kwenye tundu), na maji hayakosi njia. Wenzangu mnaziba vipi?

KerezaTu
Mkuu, kwa mbao hizo bandika matabaka, nyuzi zote zielekee upande mmoja. 2 kwa 6 ikishapigwa randa inabaki kama milimita 45 kwa 145. Vipande 3 vya urefu wa 440 ubavu kwa ubavu vinakupa upana wa 435, na matabaka 3 yanakupa kimo cha 135. Hivyo ni vipande 9, karibu mita 4. Ubao mmoja wa futi 14 unatosha kama ncha hazina nyufa. Kama zina nyufa, ongeza mwingine mfupi.

Tabaka la kati lianze na nusu ubao upande mmoja na limalizie na nusu upande wa pili, ili viungo visiangukiane. La chini libaki na vipande vizima vitatu, maana hapo tundu la maji linaangukia katikati ya ubao wa kati na halikutani na mstari wa gundi.

Mtiki una mafuta yake ya asili. Futa nyuso kwa asetoni, acha ikauke dakika chache, kisha bandika siku hiyo hiyo. Ukiacha hadi kesho, mafuta yanarudi juu. Gundi nyeupe ya kawaida ya samani isahau, maji ya moto yanailainisha. Chukua epoksi ya kubandikia, au gundi iliyoandikwa D4, ambalo ndilo daraja la kustahimili maji ya mara kwa mara. Ukitumia epoksi usikaze klempu mpaka yote itoke nje. Epoksi inataka kubaki na unene kidogo kwenye kiungo, na ukiikamua kabisa unaachiwa kiungo kikavu.

Kata pembe zote kwa bendiso (msumeno wa mkanda) kabla ya kufunga kwenye mashine. Duara la 420 kwa 135 la mtiki ni kama kilo 12, na likiwa halijasawazika linatikisa mashine nzima. Sahani ya chuma ya milimita 150, ile inayoshika mbao kwenye mashine, ifunge upande wa mdomo, yaani upande utakaochimbwa, kwa skrubu 8 nene za mbao zinazoingia milimita 30. Matundu yake yataondoka pamoja na maranda. Zile skrubu nyeusi za jipsamu hapana, vichwa vinakatika vikipata mshtuko. Sogeza senta ya nyuma (ncha inayokandamiza mbao kutoka upande wa pili wa mashine) ibane muda wote unaokereza nje.

Mwendo: anza 250, likishatulia panda hadi 400 au 500, usizidishe. Kwenye 500 ukingo unakwenda zaidi ya mita 10 kwa sekunde, na wewe umesimama hatua moja tu pembeni.

Nje kereza kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Kitako kiwe na kipenyo cha 170, kikavu na kilichonyooka kabisa, kisha bandika katikati yake kipande cha mbao ya hovyo chenye kipenyo cha 160 na unene wa 40, ukikibana kwa senta ya nyuma. Gundi ikikamaa, hamisha sahani kwenye kipande hicho, geuza sinki, ndipo uchimbe. Ndani unatoka mdomoni kwenda katikati, kwa bobari (patasi ya mfereji) ya milimita 12. Maliza ukuta wa juu kwanza ukiwa na unene wa 20, halafu shuka kidogo kidogo. Ukichimba katikati yote mapema, ukuta unaanza kupiga mtetemo na bobari inaacha mawimbi ambayo msasa hautayamaliza. Chini acha milimita 28.

Noa kila mara. Mtiki una silika, unakula makali upesi kuliko unavyotarajia. Na vumbi lake linawasha kifua, vaa barakoa ya FFP2 kuanzia hatua ya msasa, ile ya kitambaa haisaidii.

Pete12
Naheshimu hoja ya matabaka, ila ijulikane kasoro yake: sehemu mbili za ukuta zinaonyesha ncha za nyuzi, na hapo ndipo mbao hunywa maji. Kwa pete, nyuzi zinazunguka sinki lote na ncha zimefichwa ndani ya viungo.

Vipande 12 kwa kila pete, kila ncha ikatwe kwa pembe ya nyuzi 15, urefu wa upande wa nje milimita 110. Hesabu inaonekana nyepesi. Tatizo ni kwamba una mikato 24, kwa hiyo msumeno ukikosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwenye kila mkato, pete nzima imepungukiwa au imezidi nyuzi 2.4, na kiungo cha mwisho hakifungi. Bandika nusu mbili kwanza, kila moja ya vipande 6, halafu sawazisha ncha zake kwenye msasa wa bapa kabla ya kuziunganisha.

Kinachopasua masinki ya pete ni kitako. Pete haipanuki kwa kipenyo kiasi cha kuonekana, lakini ubao mzima wa kitako unapanuka kwa upana. Ukiubandika chini ya pete kwa gundi ngumu, mmoja utamshinda mwenzake. Kwa mtiki uliopasuliwa bapa, unyevu ukipanda kwa asilimia 4, upana wa 200 unaongezeka karibu milimita moja na nusu. Inatosha kufungua kiungo. Weka kitako cha plaiwudi ya majini, ukifunike juu kwa mtiki mwembamba wa milimita 3.

Kwa oda ya kwanza, hata hivyo, namuunga mkono KerezaTu. Matabaka yenye nyuzi za upande mmoja yanapanuka yote pamoja. Sinki litakuwa yai kwa milimita 2 au 3 kati ya masika na kiangazi, na hakuna mteja atakayeenda na futi kupima.

BombaSafi
Nije kwenye tundu, maana huko ndiko masinki ya mbao yanakofia. Ukuta ukipata doa unapiga msasa na kupaka upya. Tundu likioza, sinki zima ni kuni.

Wesiti ya inchi moja na robo ina nyuzi za skrubu kwa nje zenye kipenyo cha karibu 42, na inataka tundu la 45. Usitoboe 45. Sinki likiwa bado kwenye mashine na kile kipande cha hovyo kikiwa bado kimebandikwa chini, toboa 60 kwa kina cha milimita 30. Hapo umepita unene wa kitako na kuingia milimita 2 kwenye kipande, nacho kinakuwa sakafu ya kumiminia. Ondoa sinki pamoja na sahani yake, lilaze usawa.

Kwanza paka ukuta wa tundu epoksi nyepesi isiyo na unga, irudie mpaka mbao iache kunywa. Ikianza kunata, mimina epoksi iliyokazwa kwa unga wa silika. Inahitajika kama mililita 85. Mimina kwa awamu mbili, na iwe aina inayokauka polepole. Ukimimina yote kwa mkupuo, hasa kwenye joto letu la pwani, inachemka yenyewe, inatoa povu na kupasuka katikati.

Siku inayofuata rudisha kwenye mashine, kereza tundu la 45. Sasa una ukuta wa epoksi wa milimita saba na nusu kuzunguka tundu, na wesiti haigusi mbao ndani ya tundu. Palepale chonga kitanda cha kofia ya wesiti: pima kofia yako kwanza, nyingi ni kama 65, ongeza milimita moja ya kipenyo, kina 2. Kofia ikikaa juu ya usawa wa mbao, maji yanabaki duara kuizunguka kila ukinawa. Sakafu ya sinki nayo iwe na mteremko, angalau milimita 4 kutoka ilipoanzia sakafu hadi tundu. Weka futi na uone mwanga chini yake.

Randa_Kavu
Nashukuru sana mkuu. Wesiti iliyopo ina vile vitundu viwili ubavuni na kifuniko cha kubonyeza. Itafaa? Na meza ina unene wa milimita 30, nyuzi za wesiti zina urefu wa 60.

BombaSafi
Haifai. Vile vitundu ni vya masinki ya kauri yenye njia ya maji ya kufurika. Kwako vitamwaga maji katikati ya unene wa kitako na kuyaacha yamesimama pale. Tafuta isiyo na vitundu. Kifuniko cha kubonyeza pia kiache: sinki lako halina njia ya kufurika, mtoto akifunga na kuacha bomba wazi bafu zima linaelea. Chukua ya wavu, isiyofungika.

Kuhusu urefu: 28 na 30 ni 58, bado washa (ile pete ya mpira) na nati, haifiki. Usilibane sinki pamoja na meza. Mwambie fundi wa granaiti atoboe 80, wewe funga wesiti kwenye sinki peke yake kabla halijapandishwa, nati ipite ndani ya tundu la meza. Kitako cha 170 kinalifunika tundu lote. Chini ya kofia silikoni, chini ya kitako washa ya mpira, nati kaza kwa mkono halafu robo mzunguko wa plaisi, basi. Kisha sinki lishikwe na meza kwa duara la silikoni, ambayo inanyumbulika mbao ikitanuka.

Rangi_Mbili
Kwenye upakaji: mafuta ya kitani ni mazuri kwa bakuli la matunda. Kwenye sinki sabuni inayang'oa, utaitwa kupaka upya kila baada ya miezi michache. (Wajenzi wa majahazi wangekuambia upake sifa. Ni kweli inazuia maji, ila ni mafuta ya papa, na bafu litanuka soko la samaki.)

Epoksi basi. Msasa uishie namba 180, ukilainisha zaidi haina pa kushika. Futa asetoni. Paka mikono minne ndani na minne nje, chini ya kitako pia kile kipande cha hovyo kikishaondolewa. Ukipaka ndani pekee, nje inavuta unyevu wa pwani, ndani haivuti, na ukuta unajikunja. Mkono unaofuata ukipakwa wakati wa kwanza bado unanata kidogo huhitaji msasa. Ukishakauka kabisa, osha kwa maji safi kutoa ule utelezi wa juu, piga 220, ndipo upake. Changanya kwa mizani ndogo, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo lako, kukadiria kwa jicho kunaacha sehemu zisizokauka milele.

Mwendo wa 250 ni mkali mno kwa kupakia, utarusha epoksi ukutani. Zungusha sinki kwa mkono kila dakika chache hadi ikaze. Mwisho mikono miwili ya vanishi ya polyurethani ya makopo mawili, maana epoksi peke yake inageuka njano ikipigwa na jua la dirishani.

Epoksi nyingi zinazokauka bila kupashwa joto zinaanza kulainika kati ya digrii 50 na 60. Hita ya mteja iwekwe chini ya hapo, na birika lisimwagwe humo.

KerezaTu
Naongezea kwa watakaotumia mbao nyingine: mninga hutulia kuliko mtiki, kama unaupata mkavu chukua. Mvule unavumilia maji vizuri ila una mawe ya chokaa ndani yake. Bobari ikigonga jiwe kwenye mizunguko 400, makali yameondoka na huenda na kipande cha ukuta.

BombaSafi
Kabla ya kupeleka: ziba wesiti kwa kizibo cha mpira, jaza maji hadi milimita 30 chini ya ukingo, acha saa 24 sinki likiwa juu ya vigogo viwili, na karatasi nyeupe ya jikoni imezungushwa kwenye nati. Karatasi ikipata hata tone, fungua, kausha, paka silikoni upya. Usijaribu kuponya kwa kukaza nati.