Tumpe mtoto jina Kevin tukiwa Ujerumani? Naombeni mawazo

MamaTunu_Hamburg:
Habarini wadau. Mimi mtu wa Tanga, mume wangu Mjaluo wa Kisumu, tunaishi Hamburg na tunategemea mtoto wa kiume mwezi wa nne inshallah. Ukweni wameshasema huyo ni Kevin, jina la shemeji yangu aliyefariki, na kwao jina la marehemu likishatajwa sio kitu cha kubishania, afu mimi mwenyewe shemeji nilimpenda mno, ndo aliyenipokea vizuri kuliko wote siku naenda kutambulishwa. Sasa juzi nimewaambia wenzangu kazini, wakanyamaza kwanza, mmoja akanivuta pembeni akasema nisimfanyie mtoto hivyo, atapata tabu shuleni. Namuuliza kwa nini, anazunguka tu. Kenya kila mtaa una Kevo wake na hakuna anayemshangaa. Hili jina asili yake wapi, na huku limekosa nini?

Bremen_Mzee:
Pole na hongera dada. Niko huku muda mrefu nimeona jina hilo likipanda na likishuka kwa macho yangu. Ujerumani zamani halikuwepo kabisa, watu walianza kulisikia hapo hapo Hamburg kwako, yule mwanasoka Mwingereza Kevin Keegan alichezea timu ya HSV 1977 mpaka 1980 na akabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora Ulaya, mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Afu ikaja ile filamu ya mtoto aliyesahaulika nyumbani Krismasi, 1990, ya Kijerumani ilipewa hadi jina lake kwenye kichwa, Kevin – Allein zu Haus, na mwigizaji Kevin Costner naye alikuwa kila mahali wakati huo huo. 1991 Kevin likawa namba moja kwa watoto wa kiume nchi nzima.

Tatizo lilianzia hapo. Waliolipenda sana ni watu wa kawaida, mafundi, wauza duka, watu wa Ujerumani Mashariki baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, na wasomi wakaanza kulidharau kwa sababu hiyo tu, yaani ni dharau ya kitabaka imebandikwa kwenye jina. 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg waliuliza walimu wa shule za msingi wanavyoyaonaje majina ya watoto, Kevin likaonekana jina la mtoto mtundu asiyefanya vizuri darasani, na mwalimu mmoja aliandika eti Kevin sio jina, ni ugonjwa uliokwisha kupimwa. Hiyo sentensi ikasambaa nchi nzima na mpaka leo inarudiwa. Mimi inaniuma kwelikweli, mwalimu anamhukumu mtoto hata daftari hajalifungua!

Lakini ona walipofika hao wa kizazi kile. Kevin Kühnert kazaliwa 1989, akawa katibu mkuu wa chama cha siasa cha SPD 2021. Kevin Trapp kadaka timu ya taifa. Mwenzako kazini alikutakia mema ila hiyo habari ni ya watu waliozaliwa miaka ya 90, wa kwako atasoma na kina Noah na Emil, na siku hizi watoto wanaoitwa Kevin ni wachache.

DadaWaDublin:
Mama Tunu nimefurahi umeuliza asili maana huku Ireland ukisema Kevin hakuna anayecheka, ni jina la mtakatifu. Kwa Kigaeli cha leo ni Caoimhín, zamani Cóemgein, ile cóem ni mpendwa au mpole na mzuri, na gein ni kuzaliwa, kwa hiyo ni mtoto aliyezaliwa na upendo juu yake, ndo maana ya jina lenyewe. Hiyo mh inasomwa kama v, usiogope herufi. Ukipata binti kuna Caoimhe, mzizi ule ule, wamelipenda sana kuanzia miaka ya 90.

Mwenye jina ni mtawa wa karne ya 6 aliyeanzisha monasteri Glendalough, kule Wicklow kusini ya Dublin, bonde lenye maziwa mawili. Mimi nimeenda, mnara wa mawe mrefu kama mita 30 bado umesimama katikati ya makaburi, na juu ya ziwa la ndani kuna pango dogo kwenye mwamba wanakiita kitanda cha Kevin, inasemekana alikuwa akijitenga huko kusali. Inasimuliwa kwamba wakati wa Kwaresima alikuwa akiomba amenyoosha mikono, ndege akaja akataga mayai kiganjani mwake, naye akabaki hivyo hivyo mpaka vifaranga wakaanguliwa. Padri mwandishi Gerald wa Wales aliyaandika hayo karne ya 12. Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni.

Jina lilikaa Ireland karne na karne halitoki nje. Ni mwisho wa karne ya 19 watu walipoanza kurudisha lugha yao, Gaelic League, chama cha kufufua Kigaeli, ilianzishwa 1893, ndo majina ya zamani yakapata heshima tena. Afu 1920 Waingereza wakamnyonga mpigania uhuru Kevin Barry gereza la Mountjoy, Dublin, mwanafunzi wa udaktari, miaka 18 tu, na jina likapata uzito mwingine kabisa. Marekani lilienda na Wairishi, miaka ya 60 lilikuwa kwenye 20 bora kule.

Kevo_wa_Kakamega:
Mimi ni Kevin wa 1992 na darasani tulikuwa wanne, plus Brayo watatu. Brian nalo ni la huko huko, Brian Boru mfalme wao aliyekufa vitani Clontarf 1014. Sasa watu wa huko Bongo naomba mtofautishe, Kelvin sio Kevin. Kelvin ni mto wa Glasgow, William Thomson yule mwanasayansi alipopewa ulodi 1892 akachukua jina la huo mto, na kipimo cha joto ni yeye. Kiptum aliyekimbia marathon kwa 2:00:35 Chicago alikuwa Kelvin. Kitambulisho changu kiliandikwa Kelvin na kukibadilisha ilikuwa shida, so mama ukifika ofisini soma kila herufi kabla ya kusaini.

Papa_Liège:
Jambo wandugu, ule moto wa Ujerumani ulichoma na Ufaransa pia. 1991 walizaliwa Kévin zaidi ya 13,000 kule, likakuwa jina la kwanza, halafu dharau ile ile. 2022 ndio Kévin wa kwanza waliingia bungeni Paris. Huku Ubelgiji mwanasoka Kevin De Bruyne ni wa 1991, nani atamwambia kitu?

Mama, ongeza jina la pili. Akikua mwenyewe atachagua la kutumia.

Bremen_Mzee:
Papa Liège kasema kweli, na sheria inamsaidia, tangu Novemba 2018 mtu mwenye majina mawili huku anaweza kwenda Standesamt, ofisi ya kusajili vizazi na ndoa, akabadili mpangilio wake bila kesi.

MamaTunu_Hamburg:
Asanteni sana jamani, nimemsomea mume yote, hiyo ya ndege na mayai amenirudisha mara mbili. Kevin linakaa mbele, shemeji anastahili. La pili tunasubiri saa atakayofika maana kwa Wajaluo saa ya kuzaliwa ndo jina linakotoka, akija usiku Otieno, alfajiri Omondi, jua likiwa kali Ochieng'. Dada wa Dublin nitakutafuta inbox, mama mkwe anataka picha ya huo mnara.