Mali ya mzee aliyejijenga mwenyewe: mama ana fungu lake au ni wa kutunzwa tu?

Mleta mada, Moshi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana limeshavunja nyumba nyingi hapa Kilimanjaro.

Akizikwa mzee mwenye mali, wasifu unaosomwa unafanana na wa yule wa mwezi uliopita. Alizaliwa kwenye ufukara, akateremka mlimani mikono mitupu, leo ameacha malori, ghala na nyumba za kupangisha. Nawaheshimu wazee hao. Wengi walianza biashara miaka ambayo kuuza sukari tu kulitosha kukuingiza matatani, walivuka msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na bado walisomesha watoto wa ndugu zao.

Lakini matanga yakishaanuliwa, kikao cha ukoo kinakaa. Kifungua mimba anapewa biashara, kitinda mimba anabaki na nyumba na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, mabinti wanaambiwa wana kwao walikoolewa. Mama anaambiwa atatunzwa na wanawe. Swali: hii ni haki?

Mimi nasema si haki, na kosa linaanzia kwenye ule wasifu. Mzee mmoja wa Kibosho, simtaji, alikuwa akinunua ndizi migombani na kuzipeleka Dar. Yeye alikuwa barabarani, mkewe ndiye aliyekuwa akipokea mzigo na kuweka hesabu. Daftari la yule mama nimelishika mikononi: jalada limeachia, limeshonwa kwa uzi wa kiroba. Kushoto majina ya wakulima, katikati idadi ya mikungu, kulia fedha waliyotangulizwa. Aliyemaliza deni jina lake limepigwa mstari mmoja ulionyooka. Ukurasa mmoja unaonyesha fedha ya mchezo wa akina mama aliyoipokea, na chini yake ameandika "ya lori". Ndilo lori la kwanza. Kadi ya gari ikatoka kwa jina la mzee, na kwenye wasifu mama akatajwa mara moja tu, kwamba marehemu ameacha mjane.

Mwenye mawazo tofauti aje, nitamsoma.

Mchangiaji, Uru:
Kaka, nakuelewa lakini umepitia juu juu. Mimi ni kitinda mimba. Wenzangu walikwenda Dar, Mwanza na Nairobi, wakawa wanapanda Desemba na magari, wanachinja mbuzi, wanarudi. Niliyebaki kumpeleka mzee hospitali ya KCMC usiku ni mimi, na niliyekatia ng'ombe majani ni mimi. Kihamba hakiuzwi, wamelala babu zetu humo. Tukikigawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, kila mmoja ataondoka na migomba mitano. Mila haikutungwa na wajinga. Ilitaka abaki mtu mmoja wa kuwasha moto pale nyumbani, na mama abaki naye.

Mchangiaji, Arusha:
Na biashara je? Ukikata kampuni mafungu tisa, kila mtu anaondoka na lori lake, mwaka wa pili yote yako juu ya mawe. Mwenye kuiweza apewe, wengine wavumilie.

Mama mfanyabiashara, Kiboriloni:
Wanangu, mimi niko kwenye mitumba miaka mingi. Hayo ya kutunzwa nimeyaona kwa jirani yangu. Mwaka wa kwanza analetewa unga na nyama. Mwaka wa pili anaomba. Mwaka wa tatu mkwe anamuuliza sukari imeishaje haraka hivyo. Mwanamke aliyekuwa akishika fedha za duka zima anaomba nauli ya kwenda kanisani! Msiniambie hiyo ni heshima.

Wakili, Arusha:
Niweke sheria mezani, maana wengi wanabishana wasichokijua.

Tanzania Bara tuna njia kadhaa za mirathi. Marehemu akihesabika aliishi kimila, na muhtasari wa kikao cha ukoo ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, zinakuja kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Humo binti yuko daraja la tatu, na mjane mwenye watoto hana fungu, hutunzwa na watoto wake. Akihesabika aliishi Kikristo, hutumika Sheria ya Urithi ya India ya 1865, tuliyoachiwa na mkoloni: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Muislamu ana mafungu yake. Kwa hiyo swali la marehemu aliishije huamua karibu kila kitu, na ndiyo maana ndugu hukimbilia mahakama inayowafaa.

Sasa tazameni hili. Mwaka 1983, katika kesi ya Bibi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kifungu kilichotumika, cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinahusu talaka na kutengana. Maana yake mwanamke aliyeachwa anaweza kudai fungu lake kama mtu aliyechuma, na aliyevumilia mpaka akamzika mumewe anaambiwa asubiri kutunzwa.

Mleta mada, Moshi:
Wakili, hapo umenigusa penyewe. Tunawaambia mama zetu kwamba kukaa kwenye ndoa ndiyo hasara?

Kaka wa Uru, sikupingi kuhusu kihamba. Kihamba kina makaburi, kina masale, ile mimea ya mpaka, kina mtu wa kukitunza. Abaki nacho kitinda mimba, na jasho lake kwa mzee lihesabiwe. Ninachokataa ni kuichukua kanuni ya migombani na kuipeleka kwenye ghala la mjini, nyumba ya kupangisha mtaa wa Majengo na akaunti ya benki. Hakuna babu aliyezikwa kwenye lori. Mali hizo zilichumwa na watu wawili ndani ya ndoa moja. Kabla ukoo haujagawa chochote, nusu ya mama itolewe pembeni kwanza, kwa sababu si mali ya marehemu. Kinachobaki ndicho mirathi.

Na wa Arusha, hofu yako ya kampuni kukatwa ni ya kweli, ila jibu lake si kumpa mtoto mmoja. Biashara isajiliwe kampuni mzee angali hai, mama na watoto wawe na hisa, malori yabaki pamoja, aendeshe anayeweza. Kuendesha ni kitu kimoja, kumiliki ni kingine.

Mchangiaji, Machame:
Tukumbuke hata wakubwa hawakuvuka hapa salama. Reginald Mengi alizaliwa huku Machame kwenye familia maskini, akasomea uhasibu, akaijenga kampuni yake ya IPP kutoka kuunganisha kalamu hadi magazeti, redio na televisheni. Alifariki Mei 2019, akazikwa huku nyumbani. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaukataa wosia uliodaiwa kuwa wake. Kama mtu aliyezungukwa na wanasheria wazuri aliacha familia ikikutana mahakamani, huyu mzee wetu wa wosia wa mdomo mbele ya mashemeji wawili ataacha nini? Waende RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuutunza.

Mchangiaji, Uru:
Nusu ya mama naanza kuielewa. Lakini wenye daftari ni wachache. Mama yangu hajui kusoma. Alilima kahawa, akabeba mbolea kichwani, hakuandika chochote. Atathibitisha nini mbele ya hakimu?

Wakili, Arusha:
Swali zuri, kaka. Kwa ardhi, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja na mwingine akachangia kwa kazi yake kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, huhesabika naye amepata haki humo. Mashahidi ni majirani waliomwona akilima. Kwa malori na biashara hali ni ngumu zaidi, ndiyo maana majina yaandikwe mapema.

Mama mfanyabiashara, Kiboriloni:
Baba yenu yu hai na ana akili zake. Fremu mbili za duka ziko kwa jina lake peke yake, na kodi ya kiwanja nimekuwa nikilipa mimi. Jumatatu tunakwenda ofisi ya ardhi wote wawili. Wakili, mwanangu, tuchukue karatasi gani?