Kumpeleka mama kwa somo wake, Mtakatifu Otilia, Alsace

Kutoka: Freiburg

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mama yangu mzazi anatarajiwa kufika huku mwezi wa tano, kwa viza ya siku 90. Alibatizwa Peramiho kwa jina la Otilia, na tangu viza itoke hana neno jingine kwenye simu ila kwamba anataka kusali kwenye kaburi la somo wake. Nimeelezwa kuwa kaburi liko Ufaransa, ng'ambo ya mto Rhine, lakini jirani yangu Mjerumani anashikilia kwamba Mtakatifu Ottilia ni wa Bavaria. Je, ni mtu mmoja au wawili? Mama ameshapita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na jicho lake moja limeanza kuingia ukungu. Amesikia habari za chemchemi ya huko na ameiwekea matumaini makubwa. Mwenye kuifahamu historia ya mtakatifu huyu na njia ya kufika huko, naomba anisaidie.

Kutoka: Strasbourg

Milele amina, dada, na hongera kwa kumpata mama.

Ni mtu mmoja. Wafaransa wanamwita Odile, Wajerumani Ottilia au Odilia. Kaburi lake liko Mont Sainte-Odile, mlima wa mita zipatazo 760 uliosimama juu ya mji mdogo wa Obernai, kusini-magharibi mwa Strasbourg. Habari za Bavaria nazo zina msingi wake, ila hizo namwachia ndugu yetu wa München, ambaye anaishi karibu na mahali penyewe.

Kuhusu historia, ni vizuri mama aelezwe mapema kwamba tulichonacho kinatoka katika mikono miwili tofauti. Baba yake Otilia, mtawala Adalrich, ambaye pia huitwa Eticho, anajulikana kwa hakika katika historia: alikuwa mtawala wa Alsace chini ya wafalme wa Wafranki katika karne ya 7. Monasteri ya Hohenburg, iliyoanzishwa juu ya mlima huo kuelekea mwisho wa karne hiyo, nayo ni ya hakika. Simulizi la maisha ya Otilia mwenyewe, hata hivyo, liliandikwa katika karne ya 10, yapata miaka mia mbili baada ya kifo chake, ambacho huwekwa karibu na mwaka 720. Aliyeliandika alikusanya yale ambayo watawa na watu wa nchi ile walikuwa wakisimuliana, naye hakukusudia kuandika kama wanahistoria wa leo. Kwangu mimi hilo halilipunguzii simulizi hilo thamani, kwa sababu linatuonyesha kile ambacho vizazi vya kwanza vya waumini walikipenda kwa mama huyu.

Simulizi linasema kwamba alizaliwa kipofu, na baba yake akaona aibu kubwa hata akataka mtoto auawe. Mama yake, Bereswinda, alimtoa kwa siri akamkabidhi mwanamke aliyekuwa zamani mtumishi wake, na baada ya muda, minong'ono ilipoanza kuenea, mtoto akahamishiwa katika monasteri ya mbali iliyoitwa Palma, ambayo kwa mapokeo ni Baume-les-Dames ya leo. Huko alifikiwa na Askofu Erhard kutoka Bavaria, aliyekuwa ameagizwa katika maono aende kumbatiza msichana kipofu. Askofu alipompaka macho mafuta matakatifu wakati wa ubatizo, macho yakafunguka. Ndiyo sababu katika picha na sanamu utamtambua kwa mavazi ya mama mkuu wa watawa na kitabu chenye macho mawili juu yake.

Watu wengi huishia hapo, kisha wakakimbilia chemchemi. Naomba, dada, usimwache mama aishie hapo, kwa maana mambo mazito zaidi yanafuata. Otilia alimwandikia barua kaka yake akimwomba amrudishe nyumbani, na barua hiyo akaipeleka kwa mkono wa hujaji, ikiwa imeviringishwa ndani ya kitambaa chekundu. Kaka akamwombea kwa baba, baba akakataa. Kaka akatuma gari la kumchukua bila ruhusa. Adalrich alipoliona gari likija na umati wa watu, akajua nani aliyelituma, alimpiga mwanawe kwa fimbo kwa hasira, na kijana akafa kutokana na pigo hilo. Kwa hiyo binti alirudi katika nyumba yenye msiba, na msiba wenyewe ulihusu kurudi kwake. Baba alijuta, lakini hakumkumbatia: alimweka chini ya uangalizi wa mtawa kutoka Britania na kumpangia posho ya kijakazi tu.

Kilichomgeuza baba ni jambo dogo sana. Siku moja alikutana na binti yake akipita uani na chombo cha unga alichokifunika kwa vazi lake. Akamuuliza anakwenda wapi, naye akajibu kwamba anakwenda kuwapikia maskini chakula kwa unga ule. Moyo wa mzee ukavunjika hapo, na akampa Hohenburg na mali zake zote ili aifanye nyumba ya watawa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha maisha yake. Simulizi halielezi kwamba walikaa kikao wakapatana, wala kwamba binti alidai haki yake. Linaonyesha binti aliyeendelea kuwahudumia wenye njaa katika ua wa mtu aliyemkataa, hadi mtu huyo mwenyewe akaona.

Baba alipokufa, Otilia aliamini kwamba nafsi yake iko katika mateso, akafunga na kusali kwa machozi hadi alipohakikishiwa kwamba amefunguliwa. Kule mlimani kipo kikanisa kidogo kinachoitwa Kikanisa cha Machozi, ambapo mapokeo yanasema alisali sala hizo, nawe utaonyeshwa jiwe la sakafuni linalosemwa kwamba lililika kwa magoti yake. Mlete mama hapo kabla ya mahali pengine popote, mtafutie kiti, na umwache akae. Wazee wetu wengi wamewazika watu ambao hawakupatana nao, na nimeona mara nyingi kwamba kikanisa hicho kinawafaa kuliko maji.

Kama mama wa monasteri, alikuwa na akili ya kutazama hali halisi. Aliwauliza masista wake waishi kwa utaratibu upi, nao wakachagua ule mgumu zaidi, wa kimonaki kamili. Yeye akawashauri wachukue utaratibu mwepesi zaidi wa kikanoni, kwa kuwa juu ya mlima maji yalipatikana kwa taabu, na aliogopa kwamba watakaowafuata wangeshindwa kuubeba mzigo huo. Vilevile, alipoona kwamba wagonjwa, wazee na mahujaji wanashindwa kupanda, alijenga chini ya mlima nyumba ya kuwapokea, na hapo ikakua monasteri ya pili, Niedermünster. Leo yamebaki magofu tu. Mama yako mwenye magoti mabovu ana haki ya kujua kwamba somo wake aliwajengea watu kama yeye.

Chemchemi iko chini kidogo ya monasteri. Inasimuliwa kwamba Otilia aliugonga mwamba kwa fimbo yake ili kumnywesha mtu aliyekuwa amedhoofika kwa kiu, na tangu hapo watu huja kunawa macho. Njia ya kwenda ni mteremko msituni, maana yake kurudi ni kupanda. Ikiwa magoti yanauma sana, nenda wewe ukamletee maji kwenye chupa.

Juu ya macho yake naomba niseme wazi, kwa heshima zote. Sisi watu wenye asili ya Afrika tumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya bila maumivu. Ukungu anaousema huenda ni mtoto wa jicho, unaotibika kwa upasuaji, lakini hilo ni la daktari kusema. Mpeleke kwa daktari wa macho kwanza, ndipo mpande mlima. Fahamu pia kwamba bima ya safari inayodaiwa kwa viza ya Schengen, ambayo sharti ifikie angalau euro 30,000, imekusudiwa dharura. Uchunguzi wa kawaida wa macho mtaulipia wenyewe, kwa hiyo uliza gharama unapopanga miadi. Na kama amefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, maji ya mwambani yasiingie jichoni. Aweke ishara ya msalaba kwenye paji la uso, inatosha.

Kaburi lenyewe ni jeneza la mawe katika kikanisa kilichoungana na kanisa kuu la mlimani. Mwaka 1354 Kaisari Karolo IV alilifungua, akachukua sehemu ya mkono wa kulia na kuipeleka Prague. Monasteri iliungua mwaka 1546 na watawa wakatawanyika. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa mahali pote paliuzwa kama mali ya taifa, hadi askofu wa Strasbourg aliponunua tena mwaka 1853. Hija haikukoma katika misukosuko yote hiyo. Tangu mwaka 1931 Sakramenti Kuu inaabudiwa humo mchana na usiku, na waumini wa parokia za Alsace hupanda kwa zamu za wiki moja moja kushika ibada hiyo. Papa Yohane Paulo II naye alipanda huko mwezi wa Oktoba 1988.

Sikukuu yake ni tarehe 13 Desemba, siku ya kifo chake, ambayo pia ni ya Mtakatifu Lusia, msimamizi mwingine wa macho. Kwa sababu hiyo kalenda za ukutani za Ufaransa humweka Otilia tarehe 14. Si siku ya mapumziko ya kiserikali, na mwezi huo barabara ya mlimani huweza kuwa na barafu na ukungu. Mwezi wa tano mlioupata ni mzuri zaidi.

Kutoka: München

Tumsifu Yesu Kristo. Kaka wa Strasbourg amenitaja, nami naitikia kwa furaha.

Jirani yako, dada, hakukosea sana. Heshima kwa Mtakatifu Otilia ilienea zamani hadi huku Bavaria, na katika kijiji cha Emming, magharibi ya München, kilikuwapo kikanisa chake kilichotembelewa na wenye maradhi ya macho. Padre Andreas Amrhein, Mbenediktini aliyeanzisha shirika la wamisionari mwaka 1884, alikihamishia hapo chuo chake mwaka 1887, na mahali pote pakachukua jina la mtakatifu wa kikanisa kile: St. Ottilien. Kutoka hapo wamisionari wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka 1888 na kuanza Pugu, ambako mwanzoni mwa mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Peramiho ilifunguliwa mwaka 1898 na Padre Kasiani Spiss, ambaye baadaye akiwa askofu aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili mwezi wa Agosti 1905, katika vita vya Majimaji. Ndanda ilifuata mwaka 1906.

Kwa hiyo jina alilopewa mama yako pale kwenye kisima cha ubatizo lilipitia njia ndefu: kutoka mlima wa Alsace, kupitia kikanisa cha kijijini Bavaria, hadi Ruvuma. Vitabu vya sala vilivyochapwa Peramiho na Ndanda, ambavyo wengi wetu tulikuja navyo ndani ya masanduku, vimetoka katika mkondo huohuo. Historia hiyo inabeba pia maumivu ya ukoloni na damu ya watu wa kusini, na watoto wetu wanaozaliwa huku wanastahili kuisikia yote.

Mkipata nafasi ya safari ya pili, njooni St. Ottilien, ambayo leo ni abasia, yaani monasteri kubwa. Treni ya mjini inafika Geltendorf, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu kwenye njia tambarare, jambo litakaloyapendeza magoti ya mama. Abasia ina makumbusho ya misheni yenye vitu vingi kutoka Afrika Mashariki, na kati ya wamonaki wazee wapo waliotumikia Tanzania. Mama akisalimia kwa Kiswahili, asishangae akiitikiwa.

Kutoka: Strasbourg

Asante sana, ndugu wa München.

Dada, nimalizie mambo ya safari. Kwa treni mtapitia Offenburg na Strasbourg hadi Obernai, lakini kutoka Obernai hadi juu ni zaidi ya kilomita 10 za barabara ya kupanda, kwa hiyo kwa mtu wa umri wake tafuteni gari. Viza ya Schengen aliyopewa na Ujerumani inamruhusu kuingia Ufaransa, ila abebe pasipoti yenyewe wala si nakala, kwa kuwa ukaguzi wa mpakani upo, hasa wakati wa kurudi Ujerumani. Ndani ya monasteri kuna nyumba ya wageni yenye vyumba na mgahawa. Mkilala usiku mmoja, atapata nafasi ya kukaa mbele ya Sakramenti jioni, watalii wakiwa wameondoka. Wekeni nafasi mapema, kwani mwezi wa tano una sikukuu nyingi hapa na vyumba hujaa.

Najua atataka kupeleka maji ya chemchemi nyumbani kwa majirani na jumuiya yake. Kwenye begi la mkononi uwanja wa ndege unaweza kuwazuia kupita na chupa ya zaidi ya mililita 100, kwa hiyo ifungeni vizuri na kuiweka katika sanduku linalokabidhiwa.